Shimo jeusi lisilotoa mwanga, wamejuaje kama lipo?

mwana_wa_wete
Asalaam alaykum jamani, nna suali. Maalim wetu wa fizikia kagusia juu juu kisha kengele ikalia. Eti setilaiti ya Gaia imesaidia kugundua mashimo meusi kwa kupima tu nyota ilipo, hakuna eksirei (mionzi inayotoka gesi ikiingia shimoni) hakuna nini. Sasa kama nyota inayumba, si inawezekana pembeni yake pana nyota nyengine tu iliyofifia?

yakhe_malindi
Waalaykum salaam. Hii njia ya zamani yakhe. Mwaka 1844 mwanafalaki Bessel aliona Sirius, hii Shiiraa iliyotajwa kwenye Surat Najm, haendi sawa angani, akasema ina mwenzake asoonekana. Kaja kuonekana 1862. Kumbe nyota kibete nyeupe, uzito kama wa Jua umeshindiliwa kwenye ukubwa wa dunia hii yetu. Ndo karabai ya wavuvi wa dagaa usiku hiyo, taa unaiona inapanda na kushuka, chombo hukioni.

bi_makunduchi
Suali lake ni zuri lakini, maana kuyumba peke yake hakutoshi, jawabu ipo kwenye uzito. Chukua shimo jeusi waliloliita Gaia BH1, miaka ya mwanga kama 1,560 kutoka hapa: nyota inayofanana na Jua letu inazunguka kila siku 186 hivi, ukijua umbali na upana wa ule mzunguko unatia kwenye kanuni ya Kepler, ile inayofunganisha upana na muda wa mzunguko na uzito, unapata mwenzake ana uzito wa Jua mara 9.6. Nyota ya kawaida ya uzito huo ingeng'ara zaidi ya mara elfu kuliko Jua, ingeifunika kabisa hii tunayoiona. Na pale hamna mwanga wowote wa ziada. Itafichwa wapi?

pemba_kisiwani
Mbona ilikuwa inatosha kupima kasi kwa spektra tu, yaani kuupasua mwanga wa nyota rangi rangi?

bi_makunduchi
Haitoshi kaka, spektra inakupa kasi ya kuja na kurudi tu, hujui mzunguko umelala vipi, kwa hivo unapata uzito wa chini kabisa basi. Gaia inauona mlalo wenyewe. Kisha spektra zikachukuliwa kwa darubini za ardhini zikakubaliana, hapo ndo watu wakaamini. Penye ubishi ni kwenye uzito mdogo, mfano Gaia NS1 ni mara 1.9 ya Jua, inaonesha ni nyota ya nyutroni, yaani kiini kilichoshindiliwa cha nyota iliyokufa, ila mtu anaweza kukuuliza kwa nini isiwe vibete vyeupe viwili vimekumbatiana.

mwana_wa_wete
Hapo nimeshiba ahsante dada. Na ile kubwa ya 2024?

yakhe_malindi
BH3, mara 33 ya Jua! Mzunguko wake miaka 11 na nusu na ushei. Ipo kundi la nyota la Ukabu, si mbali na ile nyota kali Altair, katikati ya Agosti kama saa nne za usiku tazama juu, kidogo upande wa kaskazini. Nyota yake ni ya daraja la 11 la mng'aro lakini, imefifia, kwa jicho tupu huipati, tafuta mwenye darubini.