Kijana kazama kwenye magemu, tiba ipo?

Mama wa Njiro: Habari zenu wapendwa, mwanangu wa form two magemu yamemteka kabisa, anacheza mpaka saa tisa usiku, darasani anasinzia, nikichukua simu anapiga ngumi ukuta. Kwa huku Arusha nimpeleke wapi jamani, viboko havijasaidia

Kaka wa Moshi: Pole sana dada, viboko acha. WHO, Shirika la Afya Duniani, wanautambua uraibu wa magemu kama ugonjwa, upo kwenye ICD-11, orodha yao ya magonjwa iliyoanza kutumika 2022, ila kwa kawaida iwe imedumu kama miezi 12 na imeharibu masomo au mahusiano. Tiba iliyofanyiwa tafiti nyingi ni ya mazungumzo, ile CBT, mtaalamu anakaa na dogo wanaangalia hamu inampanda saa ngapi, hapo alikuwa anawaza nini, halafu wanapanga afanye nini kingine muda uleule. Hospitali ya KCMC huku Moshi wana watu wa afya ya akili, anzia hapo

Shangazi Kibosho: Na familia nayo iingie kwenye tiba, simu zote zilale sebuleni, hata ya baba. Halafu muulizeni taratibu anakimbia nini, wengine ni sonona au wanaonewa shuleni, hiyo isiposhughulikiwa magemu yatarudi tu