Mkopo wa nyumba kwa dhamana ya mafao umekataliwa, naanzia wapi wakuu?

MwlChaki

Habari za jioni wakuu, na wakubwa wote mliomo humu shikamooni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huku Mtwara, nina kinyumba changu cha vyumba vitatu maeneo ya Mangamba kimefika lenta, kimesimama tangu mwaka juzi mpaka tofali za juu zimeota ukungu. Sasa nikasikia kwa wenzangu kwamba mtumishi anaweza kupata mkopo wa nyumba mafao yake ya mfuko wa pensheni yakawa ndo dhamana, nikasema hapa ndo penyewe. Nikajaza fomu, nikabandika picha, nikapeleka salari slipu za miezi mitatu, barua ya mwajiri, mpaka hati ya kiwanja, nikakaa wiki tano nasubiri huku najua mvua za mwezi wa kumi na mbili zitanikuta nimeshapaua.

Juzi jibu limekuja, meseji ya mstari mmoja. "Ombi lako halijakidhi vigezo." Basi, hakuna kigezo gani, hakuna nifanyeje. Nimempigia afisa mikopo wa hiyo benki anasema labda ni mwajiri, labda ni mfuko, labda ni mshahara, hata yeye hana uhakika. Nimekaa na simu mkononi sijui hata nimfuate nani.

Mke wangu kashaanza kuniambia tuchukue kwa wale wa mtaani wanaotoa pesa siku hiyohiyo, maana mbao zinapanda bei na sisi bado tunalipa kodi ya nyumba ya watu. Mwenye kujua naomba anielekeze, na kama kuna aliyewahi kukataliwa akarudi akapata, alifanyaje?

BintiWaMikindani

Pole sana mwalimu. Nakujibu kama mtu ninayeshinda na mafaili ya watumishi kila siku ya Mungu.

Kwanza tuweke jambo moja sawa, mfuko haujakukatalia mkopo kwa sababu mfuko sio unaokopesha. Pesa inatoka benki. Sheria inaruhusu sehemu ya mafao ya mwanachama iwe dhamana ya mkopo wa nyumba, kwaiyo PSSSF, yaani mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, pale kazi yake ni kuthibitisha kwamba wewe ni mwanachama wao na umechangia kiasi gani. Mwajiri naye anathibitisha ajira na mshahara, alafu benki ndo inaamua. Hiyo ni milango mitatu, na ukishajua ni upi umefungwa nusu ya kazi imeisha, usipojua utazunguka na bahasha ya kaki mpaka nauli ikuishie.

Kwaiyo kesho andika barua, ukurasa mmoja tu, iombe benki ikupe sababu kwa maandishi. Peleka mwenyewe, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Usiulize kwa mdomo mwalimu, mdomo hauna muhuri.

Wakati unasubiri jibu piga hesabu ya theluthi, maana hapa ndo watumishi wengi wanakwama na hawajui. Makato yote yakishatoka, unachobaki nacho mkononi kisipungue theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mshahara wako usiuweke humu, nachukua mfano wa 900,000. Theluthi yake 300,000, hiyo haiguswi. Sasa toa mchango wa mfuko 5% ni 45,000 (mwajiri anakuwekea 15% yake pembeni, hiyo haitoki kwako), bima ya afya 3% ni 27,000, chama cha walimu 2% ni 18,000, kodi inakuja kama 91,750, na kama ulisoma chuo kwa mkopo, bodi ya mikopo ya elimu ya juu wanachukua 15% yaani 135,000. Jumla 316,750, unabaki na 583,250. Ondoa ile theluthi, nafasi yako ya rejesho ni 283,250 kwa mwezi. Inaonekana nyingi eeh? Sasa kama una mkopo mwingine unakatwa 210,000 tayari, umebakiwa na 73,250, na kwa rejesho la 73,250 sijui utapaua chumba gani. Rejesho likizidi nafasi hata kwa elfu moja ombi linarudi, hapo hata afisa utumishi awe mjomba wako hawezi kulipitisha.

Chukua slipu yako, kaa chini, andika kwa kalamu mstari kwa mstari.

Swali langu kwako, umeanza kazi lini, na umewahi kubadili kada au mwajiri?

NesiWaLindi

Mwalimu nimesoma hapo kwenye "wale wa mtaani" nikasimamisha kazi niliyokuwa nafanya. Kaka yangu nakuomba kwa jina la Mungu usiende huko.

Mimi benki walinikatalia kwa hiyohiyo theluthi, mwanangu alikuwa anatakiwa kuripoti chuo wiki ileile, nikaenda kausha damu, haohao wakopeshaji wa mtaani, jioni yake. Hawana fomu ndefu, hawana wiki tano, nilisaini karatasi moja na wakachukua kadi yangu ya benki pamoja na namba ya siri. Nilichukua laki nane. Mshahara ukitoka, saa kumi na mbili na nusu asubuhi kijana wao kashafika kwenye ATM na kadi yangu mfukoni, mimi nasimama pembeni na sare ya kazi nasubiri anikabidhi kilichobaki, na watu ninaowahudumia wodini wanapita wananisalimia nesi habari za asubuhi. Mwezi mmoja alinipa elfu arobaini na mbili. Nikaenda sokoni nikanunua unga na dagaa nikarudi nyumbani nikakaa jikoni peke yangu nalia mpaka moto ukazimika.

Laki nane hiyo nimeilipa mwaka mmoja na miezi minne. Kila ukichelewa riba inapanda juu ya riba. Nilikuja kutoka kwa kuomba likizo, nikaenda benki nikaripoti kadi imepotea nikapewa mpya, alafu nikaenda kwa wale watu na dada yangu na mwenyekiti wa mtaa tukaandikishana deni lililobaki kwa maandishi, awamu kwa awamu.

Nyumba isiyo na bati inaweza kukusubiri mwalimu. Mwambie shemeji hivyo, na akitaka nitaongea naye mimi mwenyewe.

MzeeWaNachingwea

Marahaba wanangu. Mimi ni mwalimu mstaafu, na mkopo wa wastaafu nilikataliwa mara mbili kabla ya kupata, kwaiyo nasema ninachokijua.

Mimi tatizo lilikuwa herufi moja. Kwenye barua ya ajira karani wa wakati ule aliniandika Saidi, kwenye kitambulisho cha taifa nikatoka Said, na jina la babu kwenye kitambulisho lipo, kwenye pensheni halipo. Miaka yote thelathini na kitu mshahara unaingia hakuna aliyeuliza, siku naomba mkopo ndo herufi ile ikawa ukuta. Mara ya kwanza nikakasirika nikaacha. Mara ya pili nikaenda kuomba benki nyingine nikidhani ile ya kwanza ina roho mbaya, nao wakakataa, na hapo nimepoteza miezi minne kwa hasira tu.

Kijana mmoja pale dirishani ndo aliyenionea huruma akageuza kioo cha kompyuta nikasoma mwenyewe majina mawili yamekaa juu na chini. Nikaenda kwa wakili nikala kiapo cha majina, nikachukua nakala za kitambulisho, barua ya ajira na cheti cha shule, nikawasilisha mfuko, wakarekebisha. Ombi la tatu lilipita.

Kwaiyo mwalimu tandaza vyeti vyako vyote juu ya kitanda, kitambulisho cha taifa, kadi ya benki, slipu, barua ya ajira, na usome jina lako herufi kwa herufi kama unavyosahihisha daftari la darasa la pili.

Na wastaafu wenzangu mliomo humu, jihakikini kwa wakati. Mstaafu asiyehakikiwa pensheni yake inaweza kusimamishwa, na ikisimama hiyo ndo unakwenda kuombea mkopo kwa kitu gani? Siku hizi kuna programu ya simu inaitwa PSSSF Kiganjani, mimi mjukuu wangu alinikalisha chini ya mwembe akaniambia babu tulia utazame hapa, tukamaliza kabla kahawa haijapoa. Zamani tulikuwa tunapanda basi na vyeti kwenye mfuko wa rambo.

KijanaMasasi

Naongezea moja fupi, ukishaandika mtandaoni kwamba umekataliwa mkopo watakuja watu inboksi wanajiita maafisa wa mfuko, tuma elfu hamsini faili lako litoke kwenye droo. Mwalimu mwenzangu shule moja wamempiga hivyo laki na ishirini. Kufuatilia taarifa zako za mfuko hakuna malipo, ukiambiwa utume hela kwenye namba ya mtu binafsi huyo ni tapeli. Na namba yako ya uanachama na cheki namba, ile namba yako ya utumishi kwenye slipu, usimpe mtu humu, hata kama ana picha ya profaili kavaa tai.

MwlChaki

Asanteni sana, nimesoma yote mara mbili. Dada wa Mikindani, nimeanza kazi 2013 nikiwa mtendaji wa kijiji mkoa wa Lindi, 2015 nikaajiriwa upya kwenye ualimu huku Mtwara. Mkopo ninao mmoja, unaisha mwezi wa tatu. Theluthi nimeipiga usiku huu na kalamu kama ulivyosema, na kweli rejesho nililoomba linapita nafasi yangu kwa elfu sitini na kitu, na hakuna aliyenionyesha hesabu hii siku najaza fomu.

Bahasha nimepeleka, muhuri nimegongewa.

BintiWaMikindani

Hapo kwenye 2013 na 2015 ndo nilipokuwa napanusa. Watendaji wengi kipindi kile walikuwa wanachangia LAPF, walimu wengi walikuwa PSPF. 2018 mifuko minne, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, ikaunganishwa ikawa PSSSF. Kama ulipohama kada uliandikishwa upya kama mwanachama mgeni, unaweza ukawa na namba mbili za uanachama na michango yako imelala sehemu mbili, nusu haionekani kwenye namba unayoitumia sasa.

Nenda ofisi ya mfuko omba taarifa ya michango tangu mwanzo, au ifungue kwenye Kiganjani, angalia mstari wa kwanza umeandikwa mwezi gani na mwaka gani. Na hili mwalimu usilifanye kwa ajili ya mkopo peke yake. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi 180 isiyopungua, yaani miaka 15. Miaka miwili ya utendaji ni miezi ishirini na nne, na hata ukivuka hiyo 180 mafao yenyewe yanakokotolewa kwa miezi uliyochangia, kwaiyo ukiiacha ipotee utaitafuta siku una mvi na hakuna anayekumbuka. Nimeona watu wanalia masijala kwa miezi michache kuliko hiyo.

MwlChaki

Mrejesho wakuu, samahani nimechelewa tulikuwa na mitihani.

Taarifa ya michango nimeipata, kurasa mbili, mstari wa kwanza umeandikwa 2015. Ya utendaji haipo hata shilingi. Dada ulipanusa sawasawa. Yule mama wa dirishani alinipokea vizuri, akaniambia nilete barua ya ajira ya kwanza, slipu yoyote ya kipindi kile na barua ya kuacha kazi ya utendaji, waitafute namba ya zamani na waiunganishe na hii. Slipu ya 2014 ninayo moja, niliikuta ndani ya kitabu cha hesabu, wino umefifia ila cheki namba inasomeka.

Benki nao wamejibu kwa barua, na wametaja sababu moja tu, rejesho kuzidi theluthi. Kwaiyo hata mafao yangekuwa yamekamilika ningekataliwa vilevile. Afisa mikopo safari hii kanikalisha tukapiga hesabu pamoja, kasema ule mkopo wa zamani ukiisha nichukue barua ya kumaliza deni na nisubiri slipu ya mwezi unaofuata ionyeshe makato yametoka kweli, alafu ndo niombe upya kwa kiasi kidogo na miaka mirefu kidogo. Nimeona ni sawa, nitasubiri.

Kuhusu kupaua, mama yangu ana mikorosho yake Nanguruwe na ameshapeleka magunia ghalani, kasema malipo ya mnada yakiingia atanikopesha za mbao, bati nitajua mbele ya safari. Tofali za juu nimezifunika na maturubai mawili.

Nesi, ujumbe wako nimemsomea mke wangu neno kwa neno tukiwa tumekaa mlangoni tunamenya ming'oko. Alinyamaza muda mrefu, alafu akachukua simu akafuta namba ya yule mtu mbele yangu. Kasema nikusalimie sana.

Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda kule nilikoanzia kazi. Wamesema mafaili ya 2013 yapo stoo ya nyuma na umeme humo hakuna, kwaiyo nabeba tochi.