Mke yuko kwao miezi 8, nataka talaka. Nyumba inakuwaje?

Nanga_Nzito: Wakuu, heshima kwenu. Mke wangu aliondoka usiku mbalamwezi imewaka, mimi niko ziwani navua dagaa. Yuko kwao Sengerema mwezi wa nane sasa. Nyumba ya Buhongwa, mtumbwi na mashine ni jasho langu, yeye mama wa nyumbani tu. Nianzie wapi?

Sato_Mkavu: Baraza la Kata, au baraza la usuluhishi la dini yenu. Wakishindwa kuwapatanisha wanatoa Fomu Na. 3, unaambatanisha na madai. Isizidi miezi 6 siku unafungua shauri, la sivyo unarudi barazani. Mahakama ya Mwanzo inatosha. Ila kutelekezwa kunahesabika kuanzia miaka 3, miezi 8 haikubebi. Unatakiwa uthibitishe ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika.

Mzee_wa_Igoma: Talaka, talaka! Chukua wazee wawili, panda kivuko, kamfuate mwenzio.

Dada_Pasiansi: Nyumba mlijenga kabla au baada ya ndoa? Na hao dagaa anaanika nani?

Nanga_Nzito: Baada. Anaanika yeye na kupeleka soko la Mwaloni, lakini mtaji wangu.

Dada_Pasiansi: Basi ana mchango, tena wa wazi. Hata angekuwa jikoni tu: Mahakama ya Rufani ilishasema 1983, Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, kazi za nyumbani ni mchango. Nusu kwa nusu si lazima; kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa kinaangalia fedha, mali na kazi ya kila mmoja, madeni ya familia, na mahitaji ya watoto. Tafuta risiti za saruji na mabati. Mbona una haraka hivyo?

Nanga_Nzito: Kuna mteja wa nyumba. Ameshatoa advansi milioni 4. Hati ina jina langu, sioni kosa.

Sato_Mkavu: Duh! Hilo ndilo la kuanza nalo. Nyumba ya ndoa huuzi bila ridhaa ya mwenzio, kifungu cha 59, jina la kwenye hati halikuokoi. Akiweka zuio kwa msajili wa hati, mteja anakugeukia wewe.

Nanga_Nzito: Mteja anajua kila kitu. Na hela nimeshanunulia nyavu.

Karabai_Mbovu: Wakuu, hii chai, stori ya kutunga. Dagaa wanavuliwa giza. Mwezi ukiwaka taa hazivuti kitu, mitumbwi yote inapaki. Huyu alikuwa anavua nini?

Nanga_Nzito: Si chai. Tulikuwa tumepaki kisiwani Kome tunashona nyavu.

Dada_Pasiansi: Kumbe mwezi umewaka, hakuna kazi, na nyumbani hukurudi. Kome ulilala kwa nani?

Nanga_Nzito: Nimeuliza habari ya nyumba.

Karabai_Mbovu: 😂😂 Nafuta neno chai.

Sato_Mkavu: Uza hizo nyavu, rudisha advansi kwa maandishi mbele ya mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wawili wasaini. Hilo la Kome utaulizwa barazani, na mkeo atakuwepo.