Pesa za Inua Jamii kwa mtoto mwenye ulemavu mkali: wanaangalia nini na kiasi kinapangwaje?

Bahati_Busia:
Habarini wadau. Dadangu ana mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, hakai, haongei, ni wa kulishwa na kubadilishwa nepi mchana na usiku. Kadi ya baraza la walemavu tulishapata kitambo lakini hakuna shilingi ya Inua Jamii, ile pesa ya kila mwezi ya serikali ya Kenya kwa wasiojiweza, imewahi kuingia. Jirani mtoto wake anatembea na gongo tu na yeye analipwa. Sasa kuna kiwango cha ulemavu ndio ulipwe? Na huyu wetu akiwa na hali mbaya zaidi, atapewa zaidi?

mlezi_wa_kaka:
Pole sana Bahati, na umpe dada pole zangu. Kadi na pesa ni vitu viwili. Kadi ya NCPWD, yaani hilo baraza la walemavu, inaonyesha mtoto amekaguliwa hospitali ya serikali akasajiliwa, unaitumia kuomba vitu kama kiti cha magurudumu, na kwa mtu mzima aliyeajiriwa inamsaidia kuomba msamaha wa kodi kwa ile shilingi 150,000 ya kwanza ya mshahara kila mwezi. Pesa ya Inua Jamii inashughulikiwa na ofisi ya maendeleo ya jamii kwa sub-county yenu. Hapo wanataka ulemavu mkali, yaani mtu asiyeweza kuachwa peke yake, wa kulishwa, kupelekwa choo na kulindwa saa zote, halafu nyumba yenyewe iwe maskini kabisa. Huyo mtoto kwa ulivyoeleza anaingia kabisa.

Kisauni_Juu:
Kuhusu kiasi, ni 2,000 kwa mwezi basi. Haipimwi kwa ukubwa wa ulemavu, ukali unaangaliwa mlangoni tu, ukishaingia wote mnapata sawa. Na ni ya nyumba si ya kichwa, hata mkiwa na watoto wawili wa hali hiyo bado ni 2,000. Ukisikia mtu amepokea 4,000 ujue ni ya miezi miwili pamoja. Mimi hii naona si haki hata kidogo, mtoto wa nepi na dawa za kifafa hawezi kuwekwa sawa na anayejimudu, hizo nepi peke yake zinamaliza hiyo pesa kabla mwezi kufika katikati!

Bahati_Busia:
Asanteni. Na yule wa jirani je?

mlezi_wa_kaka:
Huenda yuko kwa mpango wa yatima na watoto walio hatarini, nao ni Inua Jamii na ni 2,000 vilevile, gongo halihusiki. Nyinyi muoneni chifu au msaidizi wake mjue usajili unafunguliwa lini, maana hauko wazi kila siku, nafasi huja kwa lokesheni na majina hupitiwa na jamii. Mlezi anayeandikwa awe mtu mzima anayeishi na mtoto, kitambulisho chake kiwe sawa, kwa sababu pesa inakuja kwa jina lake na jina likikosewa herufi moja mnahangaika sana. Wakiuliza kama kuna mwingine pale nyumbani anapokea ya wazee ama pensheni semeni ukweli. Na tafadhali msimpe mtu yeyote hela ya kuandikishwa, usajili ni bure.

Kisauni_Juu:
Mbebe pia cheti cha kuzaliwa cha mtoto na ile kadi, photocopy mbili mbili.