Premio CVT inakula resi bila kuvuta mlimani: ninunue gia boksi ya mtumba?

Msafiri wa Iringa
Wakuu, heshima kwenu. Nina Toyota Premio "new model" ya 2008, injini 1NZ, CC 1500, gia boksi ni CVT, ile otomatiki ya mkanda. Tangu itoke sevisi mwezi uliopita imeanza visa. Asubuhi ikiwa ya baridi inakwenda safi kabisa. Ikishapata moto, nikiweka D inakaa kwanza ndipo inashika, tena kwa kushtuka. Juzi nikipanda mlima Kitonga nyuma ya lori, mshale wa resi umefika 4,000 na gari haipandi, injini inalia tu. Nimepaki pembeni, imepoa, ikaendelea kama si yenyewe. Taa ya injini haijawaka.

Fundi kasema gia boksi imekwisha, niandae milioni moja na nusu nipate ya mtumba kutoka Japani pamoja na ufundi. Hela yenyewe ni ya ada. Naombeni ushauri kabla sijaitoa.

Jirani wa Gerezani
Pole mkuu. CVT ikianza hivyo haina matibabu, badilisha tu. Njoo PM (ujumbe wa faragha) nikuelekeze, gia boksi ninazo.

Fundi Spana
Jirani, acha kuuza kabla mgonjwa hajapimwa. Mtoa mada, kwenye hiyo sevisi walimwaga oili ya gia boksi? Kopo la oili waliyoweka limeandikwaje? Rangi usinitajie, rangi haisemi kitu.

Msafiri wa Iringa
Walimwaga, ndiyo. Kijana wa gereji kanitumia picha ya kopo: Dexron III. Anasema ndiyo wanayoweka kwenye otomatiki zote.

Fundi Spana
Basi tuanzie hapo. Dexron ni ya otomatiki za kawaida, zenye sahani za klachi. Gari yako ni ya CVT. Ndani yake kuna puli mbili na mkanda wa chuma unaopita katikati. Puli zinajitanua na kujibana kwa presha ya oili, na mkanda unashika kwa msuguano wa chuma kwa chuma. Oili ya CVT imetengenezwa ili ilainishe lakini mkanda usiteleze. Ukiweka nyingine, mkanda unaweza kuteleza, hasa oili ikishapata moto na kuwa nyepesi, na hasa mlimani ambako mzigo ni mkubwa. Ndiyo maana asubuhi huoni tatizo. Mkanda ukiteleza sana unakwaruza uso wa puli, na puli ikishakwaruzika hapo kweli utamtafuta Jirani.

Fanya hivi. Kwanza iache gari ipumzike, safari za mlimani hakuna. Fungua sampo (karai la oili chini ya gia boksi), usiishie kwenye plagi ya kumwagia. Ndani kuna sumaku. Ukikuta tope la kijivu, laini kama grisi, hiyo ni kawaida ya chuma kusuguana. Ukikuta chenga zinazong'aa, ukizisugua kwa vidole zinakwangua, ujue mkanda au puli vimeshaanza kuliwa. Osha sampo, badilisha chujio na gasketi, kisha weka oili ya CVT iliyotajwa kwenye kitabu cha gari lako.

Ukimwaga kwa plagi haitoki yote, nyingi inabaki kwenye toki konveta (kile kinachounganisha injini na gia boksi kwa oili) na kwenye njia zake. Kwa hiyo jaza, endesha taratibu mtaani, mwaga, jaza tena. Usikubali mtu aje na mashine ya kusukuma oili kwa presha kwenye boksi ambayo hujui hali yake.

Mama Vitz
Samahani nadandia uzi. Mimi nimeambiwa gari ikishatembea sana usiguse kabisa oili ya gia, ukibadilisha tu inakufa. Kweli?

Fundi Spana
Dada, mara nyingi watu wanabadilisha wakati boksi imeshaanza kuteleza, ikifa wanasema oili mpya imeiua. Kama yako inabadilisha gia vizuri, mwaga na ujaze taratibu, hamna neno.

Kaka Kirinyaga
Niko Nairobi, Premio kama hizi zimejaa huku. Naongeza moja kwa siku ambayo italazimu kununua. Angalia kile kibati cha maelezo ya gari, tafuta mstari wa TRANS/AXLE. Toyota ikianza na K ni CVT, ikianza na U au A ni otomatiki ya kawaida. Chukua yenye namba ileile yote, pamoja na zile za mwisho. Watu wengi huishia kwa herufi ya kwanza, halafu soketi za waya zinakataa. Na baada ya kuifunga, fundi awe na mashine ya kusawazisha presha ya oili kwenye kompyuta. Bila hivyo boksi nzima nayo itakushtua kila ukiweka D.

Msafiri wa Iringa
Wakuu, mrejesho. Sampo imefunguliwa mbele yangu. Sumaku zilikuwa na tope la kijivu, chenga sijaziona, ila oili ilinuka kuungua kidogo. Tumeweka ya CVT, tumezungusha, tumemwaga na kurudia. Sasa D inashika mara moja, hata ikiwa ya moto. Kilichobaki ni mvumo mdogo nikifika kama 60. Na hii haina kijiti cha kupimia, najuaje imejaa sawa?

Fundi Spana
Kama haina kijiti, itakuwa na plagi ya kufurikia. Gari iwe juu na imekaa sawa, injini inaunguruma, umepitisha gia zote, oili imefika joto lililoandikwa kwenye kitabu. Fungua plagi. Ikitoka kwa mkondo imezidi, iache ishuke mpaka idondoke tone tone, ufunge. Isipotoka kitu, ongeza.

Mvumo tega sikio. Ukibaki palepale, endelea na maisha. Ukikua kadiri mwendo unavyokua, inawezekana ni beringi, ishughulikie mapema. Na ikigoma njiani usikubali ivutwe kwa kamba magurudumu ya mbele yakiwa chini. Injini ikiwa imezimwa pampu ya oili haizunguki, unaimaliza boksi mwenyewe. Ita breki dauni ya kubeba.

Jirani wa Gerezani
Oili ya CVT pia ninayo.