Ni kelele zetu zilizopunguza tozo?

MamaWakala: Wakuu, naomba kuuliza. Tozo ya miamala ya simu ilipoanza Julai 2021, kiwango cha juu kilikuwa 10,000. Kibandani kwangu Morogoro wateja walikatika wiki ileile. Mama mmoja alifunga noti zake kwenye pindo la khanga, akaenda kumpa kondakta wa basi azifikishe Kilosa. Septemba ikashuka hadi 7,000. Ni sisi?

Mtu wa Pwani: Ni sisi, dada. Mitandaoni kulichafuka kwelikweli. 2022 ikashuka tena, 4,000.

Babu K: Kelele zilisaidia, ila kilichouma zaidi ni watu kuacha kutuma.

MamaWakala: Shukrani, babu. Yule mama alirudi, lakini hela ndogondogo mpaka leo anampa kondakta.