Naomba ushauri: mizigo na bakshishi za wapagazi Kilimanjaro

Wakuu, naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa Mlima Kilimanjaro, hasa waongozaji na wapagazi wenyewe. Kuna kundi la wageni 8, njia ya Machame, siku 7, na mkataba na kampuni bado haujasainiwa. Nataka haki za wapagazi ziandikwe humo kabla pesa haijalipwa.

Kikomo cha mzigo ni kilo 20 kwa mpagazi, na getini unapimwa. Tatizo huanza baada ya geti. Wapo wapagazi wanaoteremshwa njiani, mizigo yao wakabebeshwa waliobaki. Halafu kuna maji: kambi ya Barafu, zaidi ya mita 4,600, hakuna chanzo, kwa hiyo hubebwa kutoka mto Karanga, na kilo hizo hazikuwepo kwenye mizani ya siku ya kwanza. Kundi likipanda na mizani yake ya kuning'iniza, nani apime bila mpagazi kuonekana mchongezi na kunyimwa kazi safari ijayo? Hapo ndipo nimekwama zaidi.

Bakshishi nayo: ikitolewa bahasha moja kwa kiongozi mkuu, mpagazi hajui fungu lake. Nafikiria kiasi cha kila kazi kisomwe mbele ya wote, kila mmoja apewe mkononi kabla ya kuachana geti la Mweka, tunakoshukia. Yupo anayefanya hivyo? Na milo mitatu kwa siku, hema kavu na mahali pa kulala, viandikwe vipi ili kampuni isikwepe?